Kadi Thelathini na Moja za Haltom City

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kupita kiasi, nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi ya Fort Worth nikiogopa kuingia. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima kwa wifi yangu. Nakuru nilikuwa karani wa kumbukumbu za hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Texas nilikuwa nimeogesha wazee, nimepanga dawa kwenye rafu, nimesoma baada ya kazi mpaka nikapata cheti. Sasa serikali ya jimbo ilikuwa imeniajiri, na kazi yenyewe sikuielewa hata jina. Barua ilisema mimi ni mratibu wa ushirikishwaji wa umma. Nilimwambia mume wangu kwamba nadhani ni kazi ya kupanga viti.

Sikuwa mbali na ukweli. Viti nimevipanga miaka kumi na sita, Fort Worth na baadaye Houston, na hadi leo nikiingia ukumbi wowote, hata wa harusi, naanza kwa kuvihesabu.

Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Kanda, mama mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuketi akiongea na mtu. Aliweka boksi la kadi mezani mwangu, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole maneno ambayo niliyatumia mpaka nikastaafu: "Kazi yako ni kuniletea watu kabla sisi hatujaanza kuyapenda maneno yetu wenyewe."

Vijana wengi huniuliza alikuwa na maana gani, basi nieleze. Wabunge wa jimbo wakipitisha sheria husema jambo kwa jumla tu: watoto walindwe, maji yawe safi. Namna ya kulitekeleza, nani akague nini, mara ngapi, kwa fomu ipi, huiachia idara. Hayo maelezo ya idara ndiyo kanuni, na kanuni humbana mtu sawasawa na sheria. Idara huandika rasimu, yaani andiko ambalo bado linaweza kufutwa. Kisha hutangaza kusudio lake kwenye gazeti rasmi la jimbo, umma hupewa siku za kutoa maoni, halafu kanuni inapitishwa. Tatizo ni kwamba rasimu ikishafika gazetini, idara imeshajifunga. Ikitaka kubadilisha jambo kubwa lazima irudi mwanzo, na sijawahi kumwona mkurugenzi anayefurahia kurudi mwanzo. Kwa hiyo mwenye busara anaita watu mapema, rasimu ikiwa bado mbichi. Kuwaita ilikuwa kazi yangu.

Zile kadi tuliziita kadi za msimamo. Kila aliyehudhuria mkutano alijaza jina lake, anwani yake, na kutia alama katika kisanduku kimoja kati ya vitatu: Naunga mkono, Napinga, Sina upande. Kadi zikishajazwa zinakuwa kumbukumbu za umma. Kuongeza alama au kufuta hata moja ni kosa la jinai, na Msimamizi alinionya hivyo kabla hajanionyesha choo kiko wapi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango wa gari nageuka kuuangalia mara mbili, na mume wangu alizoea kunisubiri. Onyo lile lilinikaa kichwani wiki nzima, nikawa nazishika kadi kwa ncha za vidole.

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, wakati ambapo mfanyakazi anaweza kuachishwa bila maelezo marefu, ilipokuja rasimu ya nyumba za malezi. Nyumba ya malezi ni nyumba ya kawaida ambamo mama hulea watoto wa watu wengine wazazi wakiwa kazini, naye amejiandikisha kwa jimbo. Kanuni ya zamani iliruhusu watoto sita, na waliohesabiwa ni watoto wa wengine tu. Rasimu ilisema wahesabiwe watoto wote walio ndani ya nyumba, wakiwemo wa mama mwenyewe na wa ndugu anaokaa nao. Haikuandikwa kwa ubaya. Kuna mahali palikutwa nyumba iliyojaa watoto kupita kiasi, na mmoja aliumia. Aliyeandika kifungu kile alikuwa akimfikiria yule mtoto.

Niliagizwa kupeleka rasimu kwa Wakongo wa Haltom City, wakimbizi waliohamia mji ulio jirani na Fort Worth. Nilijitolea mwenyewe, kusema kweli. Nilisema naijua lugha yao, hawa ni watu wangu. Nikaazima ukumbi wa kanisa, nikapanga viti hamsini, nikapika chai ya maziwa kwa sufuria yangu ya nyumbani. Wakaja watu thelathini na mmoja, karibu wote akina mama, wengine wakiwa bado na vizibao vya njano vya ghalani. Nikaeleza rasimu kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, nikauliza kama kuna maswali. Hakuna aliyeuliza. Akasimama mzee mmoja wa kanisa, akaishukuru serikali ya jimbo kwa kuwakumbuka, akanishukuru mimi, akamshukuru Mungu, akaketi. Wakapiga makofi. Nikagawa kadi, zikarudi zote, na katika kila moja alama ilikuwa kwenye Naunga mkono.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifurahi. Nilikulia kwenye baraza za chifu. Nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi na mama yangu nikawaona wazazi wetu wakilipigia makofi jambo ambalo njiani kurudi nyumbani walilisikitikia. Kama kuna mtu Fort Worth nzima aliyepaswa kujua maana ya makofi yale, ni mimi. Lakini makofi yalikuwa yangu, nami nilikuwa kwenye majaribio. Siku iliyofuata nikatuma taarifa makao makuu pamoja na nakala za kadi, na Mkurugenzi wa Kanuni akaandika kwamba kazi ni nzuri sana.

Kuna jambo lilitokea kabla sijaituma taarifa ile, na sikuliandika. Wakati napakia sufuria kwenye gari baada ya mkutano, alinifuata mama mmoja aliyekuwa amekaa safu ya mbele. Aliitwa Mama Neema. Alikuwa na nyumba ya malezi mitaa miwili kutoka pale kanisani. Alikuwa na watoto wake wanne, na wawili wa marehemu dada yake, na kila siku ya kazi alipokea watano wa majirani. Alinishika mkono kwa adabu, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ya basi.

"Dada, ile mambo tunaanza lini? Mwisho ya mwezi, ao sasa?"

Nikamwambia hakuna kinachoanza, ile ni rasimu, tumekuja kuuliza tu. Halafu nikafanya hesabu palepale. Sita wake wa nyumbani, kikomo sita. Nyumba yake ingekuwa imejaa kabla jirani hajabisha hodi. Nikamuuliza kwa nini basi ametia alama ya kuunga mkono.

"Karatasi ya serikali, na jina yangu iko juu," akasema. "Nitaweka hapana namna gani? Kule kambini mwenye alisema hapana, liste ya chakula ya kufuata jina yake haikuonekana."

Nikamwambia hapa si kambini. Akaitikia ndiyo, dada. Nikamwambia aendelee na kazi yake kama kawaida. Akaitikia ndiyo, dada. Niliondoka nikiwa nimeridhika, na ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nilikuwa nimejibiwa vilevile kadi ilivyojibiwa.

Usiku huo nililala. Usiku uliofuata, taarifa ikiwa imekwishatumwa, ndipo usingizi ulipokata. Asubuhi nikampigia Mkurugenzi wa Kanuni makao makuu. Alikuwa mtu muungwana, aliyezoea kusafisha koo kabla ya kukataa jambo. Nikamweleza kwamba zile kadi thelathini na moja hazisemi walichonacho moyoni wale akina mama. Akasafisha koo. Alisema kadi ndizo kumbukumbu, na hawezi kuweka kwenye faili neno nililoambiwa kwenye maegesho. Akaongeza kwamba rasimu inaingia gazetini Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba kuungwa mkono na jamii ya wakimbizi kumewapa moyo sana wakubwa wake. Nilikata simu. Nilikuwa nimesaidia kuifunga nyumba ya Mama Neema kwa chai ya maziwa.

Msimamizi wa Kanda nilimweleza kila kitu siku hiyohiyo, nimesimama, kwa sababu naye alikuwa amesimama. Nilitarajia anifukuze. Alisema jambo moja tu: kadi haziguswi, lakini hakuna anayezuia kuleta kumbukumbu nyingine. Akanipa hadi Jumatano.

Ilikuwa rahisi kusema. Jumapili nilikwenda kanisani Haltom City, nikangoja ibada iishe, nikawaomba akina mama waandike upya wanachofikiri kweli. Hawakunikatalia. Wakongo hawamkatalii mgeni. Mmoja alikuwa na chungu jikoni, mwingine mtoto analia, mwingine miwani ameisahau nyumbani. Ndani ya robo saa nilibaki na watu wachache tu, nao walibaki kwa kunionea huruma tu. Nilikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile nilivyovipanga Jumatano ya mkutano, nikataka kulia.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa amekaa binti anayeitwa Riziki, aliyekuwa akifanya kazi ghalani, na mtoto wake mdogo alilelewa na Mama Neema. Sikuwa na la kusema tena kuhusu kanuni. Kwa kuchoka tu, nikamuuliza kesho Jumatatu siku yake ikoje. Na Riziki, ambaye mkutanoni hakufungua mdomo, akaongea.

"Natoka mapema, mbele watu wote hawajaamuka. Nagonga kwa Mama Neema, anafungua na kitenge, anachukua mtoto akingali analala, hata haamuki. Saa kumi na moja niko ghalani, nina-scan maboksi. Mama Neema asipofungua, mi siko na Monday."

Nikatoa karatasi. Nikamwambia naandika hayo tu, Jumatatu yake, bila jina. Si kuunga mkono wala kupinga. Akafikiri, akasema sawa, hiyo si kusema hapana kwa mtu, hiyo ni kueleza kazi. Aliyekuwa nyuma yetu akasema yake ni ngumu zaidi. Aliyekuwa na chungu jikoni akarudi. Kufikia saa nane mchana nilikuwa na Jumatatu tisa, nimeziandika kama zilivyosemwa, na kila mmoja nimemsomea yake akaitikia.

Mama Neema alikuwepo. Aliwaletea watu maji, akawaketisha, akamshika mtoto wa mmoja wakati mama yake akiongea. Zamu yake ilipofika alikataa kwa tabasamu, akasema yake haina maneno. Niliona ni haya. Nikaendelea na mwingine.

Jumatatu nikampigia Mwanasheria wa Idara, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye watu walimwogopa kwa sababu hakupenda mazungumzo ya simu. Nilimuuliza kama maoni yasiyo na jina yanakubalika. Nilisikia akifungua kitabu ambacho nina hakika alikijua kwa moyo. "Maoni hayahitaji jina," akasema. "Yanahitaji maana." Nikatafsiri zile Jumatatu tisa kwa Kiingereza mimi mwenyewe, siku mbili, nikirudia kila sentensi kwa hofu ya kuipamba au kuipunguza. Jumatano asubuhi zilikuwa makao makuu.

Jumatano mchana hakuna jibu. Alhamisi hakuna jibu. Nilifungua na kufunga barua pepe mpaka karani mwenzangu akaniuliza kama nina mgonjwa hospitalini. Ijumaa nilifungua gazeti la jimbo saa mbili kamili, nikashuka orodha ya kanuni zilizotangazwa kwa kidole, kama mzazi anayetafuta jina la mtoto kwenye matokeo. Ya nyumba za malezi haikuwemo. Mkurugenzi alikuwa ameiondoa kwenye ratiba. Baadaye nilielezwa kwamba aliisoma Jumatatu ya Riziki kwa sauti mbele ya wenzake, akauliza nani kati yao alijua kwamba kuna watu huanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Kifungu cha hesabu kikarudishwa kwa Mwanasheria, kikaandikwa upya: watoto wa nyumbani wasihesabiwe, ila mkaguzi aangalie kama mlezi anaweza kuwaona wote. Kazi hiyo ilichukua wiki sita.

Katika wiki hizo sita nilipewa barua ya kuthibitishwa kazini. Nilipumua. Nilinunua suti yangu mwenyewe. Na sikumpigia simu Mama Neema hata mara moja, kwa sababu nilijua mambo yanakwenda vizuri, na nilitaka kumpelekea habari iliyokamilika.

Nilimpelekea siku ya kazi, saa tatu asubuhi, rasimu mpya mkononi. Nilichelewa kugundua kwamba barazani kwake hakuna viatu. Nyumba ya malezi ya Kikongo unaijua kwa viatu vidogo vilivyopangwa mlangoni. Alinifungulia akiwa amevaa sare ya bluu ya usafi wa hospitali, akiwa na funguo za gari mkononi.

Alikuwa amefunga mwisho wa mwezi ule. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna barua aliyopata. Alikuwa ameweka ndiyo kwenye karatasi yenye jina lake, na kwake ndiyo ile ilikuwa ahadi. Basi aliwaambia akina mama watano kwa heshima watafute mahali pengine, akatafuta kazi. Siku ile nilipomwambia aendelee kama kawaida, alielewa kwamba ninamhurumia, na hakutaka kuniponza kazini kwangu. Ndiyo maana Jumapili ile Jumatatu yake haikuwa na maneno. Riziki alikaa wiki mbili akibahatisha wa kumwachia mtoto, akakosa zamu, akaachishwa, akahamia kwa dada yake jimbo jingine.

Nilimpa ile rasimu mpya. Akaiangalia pande zote mbili.

"Na hii," akaniuliza, "ni sheria, ao ni ile ingine ya kuuliza?"

Ilikuwa bado ni ya kuuliza. Ilibidi nimweleze kuhusu gazeti, siku za maoni, kupitishwa, miezi. Alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akaniomba radhi kwamba amechelewa kazini. Kanuni ilipopitishwa, ilipita vile nilivyotaka, na nikapewa cheti cha pongezi chenye fremu. Mama Neema hakufungua tena nyumba yake.

Nimeona niandike hili kirefu kwa sababu vitabu vya mafunzo vya kazi yetu vinasema kuwaita watu mapema hakuna hasara. Hasara ipo. Mtu aliyezoea kuitwa na serikali ili aambiwe, ukimwita ili umuulize, anakwenda nyumbani kutii swali lako. Mkosaji katika hilo si yeye.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Houston, tukanunua nyumba ndogo Stafford, pembeni mwa jiji. Huko nilikuta shida ya aina nyingine. Nilisimamia kanuni za wauguzi wa majumbani, na waliokuja mikutanoni wengi wao walikuwa Wakenya wenzangu, manesi, watu wa kusoma. Hao kisanduku cha Napinga hakiwatishi. Mkenya akishika kipaza sauti anasema hatachukua muda mwingi, basi wewe vua viatu upumzike. Nesi mmoja alinisomea kurasa saba zilizochapwa, na alipomaliza akaomba nafasi ya kufafanua. Niliwapenda, lakini hata wao, wakishamaliza hotuba, nilikuwa nikiwauliza kuhusu Jumatatu yao, na mara nyingi sentensi tatu za mwisho zilikuwa na faida kuliko kurasa saba.

Kadi za visanduku niliacha kuzitumia kabisa. Nilifunga kila mkutano kwa kuzunguka kiti kwa kiti nikimwambia kila mtu usoni kwamba hakuna kilichobadilika leo. Na baada ya wiki mbili nilipiga simu, kwa wote, orodha nzima, kuuliza swali moja: kuna kitu umeshabadilisha kwako kwa sababu ya ule mkutano? Hutaamini ni wangapi walikuwa wameshabadilisha. Mmoja alikuwa ameuza kitanda cha mgonjwa. Mwingine alikuwa amemwachisha kazi msaidizi wake. Naibu Mkurugenzi wa Houston, kijana mwenye akili na haraka, aliniambia zile simu zinakula saa za ofisi, na kwamba visanduku vinahesabika kwa kompyuta. Nilimjibu kwamba nimewahi kuhesabu visanduku thelathini na moja na vyote vilikuwa vya uongo. Alidhani natia chumvi. Nilipiga simu zangu wakati wa chakula cha mchana.

Watu huniuliza kama sasa, nikiwa nimestaafu, nimetulia. Hapana. Wasiwasi haukuniacha, umebadilisha tu mahali pa kukaa. Nikisoma kwamba idara fulani imepokea maoni na umma umeridhika, nauliza chai iliandaliwa na nani. Nikiona kijana mratibu anatoka mkutanoni anatabasamu, namwogopea. Wakati mwingine nafikiri ningekuwa na moyo mgumu kidogo ningefanya kazi ile kwa raha zaidi. Halafu nakumbuka kwamba mara moja tu niliyoifanya kwa raha ni Haltom City.

Siku mbili kabla sijastaafu nililetewa boksi kutoka Fort Worth. Kumbukumbu za umma zina muda wake. Ukiisha, ofisa ambaye jina lake liko kwenye lebo anasaini, na karatasi zinachanwa. Lebo ilikuwa na jina langu. Ndani zilikuwamo zile kadi thelathini na moja. Nilitafuta ya Mama Neema. Aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa, anwani yote, na alama yake ilikuwa ndogo sana, kwenye pembe ya kisanduku, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti. Kwa miaka yote sikuwahi kuitazama kwa makini. Nikasaini. Nikashuka na boksi mpaka kwenye gari la kuchana karatasi, nikasimama pale zikiingia, kisha nikampigia simu. Tulikuwa tukisalimiana Krismasi tu.

Nikamwambia zile kadi za mkutano wa kanisani zimechanwa sasa hivi.

"Na ile yangu?"

"Na ile yako. Nimeiona ikiingia."

"Jina yote? Na adresi?"

"Yote, Mama Neema."

Nilisikia akimwambia mtu apunguze televisheni, na mlango ukifungwa.

"Bon," akasema. "Basi nikuambie sasa, dada. Ile sheria yenu ilikuwa mubaya. Mi sikuitaka. Hata siku moja sikuitaka."

Katika kazi yangu, maoni yoyote yakipokelewa lazima yaandikwe: yalikuja kwa njia gani, yalitoka kwa nani, yanahusu kanuni ipi. Nilirudi mezani kwangu na simu ikiwa bado sikioni, nikafungua droo, na hakukuwa na fomu. Faili ilishafungwa, kanuni ilishapitishwa miaka mingi, nami nilikuwa nakabidhi funguo keshokutwa. Nikamwambia nimesikia.

"Umeandika?"

Nikasema bado.

"Andika," akasema. "Na jina uweke."

Basi naliandika hapa, kwa kuwa sina mahali pengine. Mama Neema, wa Haltom City. Anapinga.